Nilisema "Basi", Daktari Akaendelea

Admin, kabla hujakibandika kisa hiki nakuomba unifichie kila neno linaloweza kunitaja. Usiandike jina, usiandike kliniki, hata ile picha yangu ndogo usiiweke. Nanyi mnaosoma, mkihisi mnanijua, tafadhali nyamazeni. Mtu anayeweza kunitambua hapa ninaishi naye nyumba moja.

Nina miaka ishirini na mitano. Ni karani katika ofisi ya wakili hapa katikati ya jiji la Nairobi. Nachapa barua na hati za kiapo. Sijaolewa, sijazaa. Naishi upande wa Waiyaki Way kwa senje wangu, yaani dada wa baba, ambaye ni muuguzi katika kliniki moja ya Hurlingham; huko humwita Sister. Nilipomaliza chuo sina mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyenipa chumba, na ndiye aliyenisemea kwa huyo wakili, kwa kuwa wanasali pamoja. Nayasema haya ili msimwone mnyama. Ananipenda.

Tangu mwaka jana hedhi yangu imekosa mpangilio. Inakuja nzito, inakatika, inarudi. Ofisini nilikuwa nikivaa sketi nyeusi tu na kukalia sweta yangu. Senje alipogundua alinipeleka kliniki kwao, na picha ikaonyesha kinyama ndani ya mfuko wa uzazi. Daktari akanieleza kwamba ataingiza kamera nyembamba kupitia ukeni, akione na kukitoa. Kisha akaniuliza, "Unataka tufanye hapa hapa ukiwa macho, ama tukupangie thieta ya upasuaji tukulaze usingizi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Senje, akiwa amevaa sare yake, akanijibia: "Thieta ya nini, daktari? Huyu ni msichana wa kwetu, ni mgumu. Hiyo ni kama period tu." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Haikuwa kama hedhi. Kile chombo kilipopita mlango wa kizazi nilihisi kama ninapinduliwa ndani nje, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Senje alikuwa amenishika bega, akininong'oneza, "Jikaze, mama. Jikaze." Daktari, bila kuinua macho, akauliza, "Uko sawa? Tuendelee?"

Nikasema, "Basi, daktari. Basi."

Mimi nilimaanisha imetosha, aache. Yeye akajibu kwa upole, "Haya basi," akaendelea. Hapa Nairobi mtu akisema basi mara nyingi amekubali, na mimi sikuwa na pumzi ya kutafuta neno lingine. Mkono wa senje ukazidi kunikandamiza begani. Mwishowe nilitapika, miguu ikatetemeka hadi kitanda kikalia, ndipo daktari akaacha mwenyewe. Akasema kinyama hakijatoka chote. Nirudi Alhamisi hii amalizie.

Jioni nyumbani nilimfuata senje jikoni akikata vitunguu. "Senje, hukunisikia nikisema basi?"

"Nilisikia."

"Na ulijua ninamaanisha nini?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Eti mtoto wangu ameshindwa? Wamama wanatoka hapo wanapitia sokoni. Kama hiyo imekushinda, mtoto utazaa na nini? Na pua?" Akacheka mpaka akafuta machozi, sijui ya vitunguu au ya kicheko. Kisha akanipikia uji, akanikanda tumbo kwa chupa ya maji moto mpaka nikapata usingizi.

Juzi wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka, nilipiga simu kliniki nikitumia simu ya ofisi. Sikutaja jina. Niliuliza kama mwenye miadi anaweza kubadilisha alazwe usingizi. Msichana wa mapokezi akasema inawezekana kabisa, ila lazima mtu mzima aje kumchukua na kumfikisha nyumbani. Halafu akasema, "Na hiyo sauti! Si wewe ni wa Sister? Ngoja nimuite, ako tu hapa."

Nikakata.

Jioni senje alinipakulia ugali. "Leo kuna mwoga mmoja alipiga simu akiitisha dawa ya usingizi," akasema. "Tulicheka!" Akaniwekea paja la kuku, lile kubwa. "Kula, mama. Alhamisi nimeomba niwe zamu ya asubuhi. Nitakushika mkono mimi mwenyewe."

Nilikula. Sijui kama alijua.

Nisipokwenda, damu haitakoma. Nikienda nikamwomba daktari usingizi mbele yake, nitamwaibisha kwa wenzake, na nyumba ni yake. Na hata daktari akikubali, senje akikataa, atakayenichukua ni nani? Mama yuko mbali na ana presha. Ofisini wote wanamjua senje. Nikinyamaza, nitapanda tena kile kitanda, na ule mkono utakuwa begani mwangu. Nikifikiria hivyo, vidole vinakwama kwenye kibodi.

Dada zangu, hasa nyinyi mliopitia kamera hiyo, mlisema nini mkasikika? Nifanyeje?

Nijibuni hapa chini, msinitafute inbox. Jioni simu yangu huchajiwa sebuleni kando ya simu ya senje, na ujumbe ukiingia kioo huwaka chenyewe. Admin atanitumia majibu mchana. Na kama kuna dada mtu mzima anayeweza kunitoa kliniki Alhamisi na kunifikisha nyumbani, amwachie Admin namba yake, aandike tu kwamba ana barua anataka kuchapiwa. Nitampigia mimi kwa simu ya ofisi, kabla ya saa kumi na moja jioni.