Tulikula Mng'aro wa Sufuria

Enzi zetu pale Nalufenya, Jinja, msichana hakutazamwa uso kwanza, alitazamwa sufuria. Nawaambia nyinyi wenye mvi wenzangu, mnaokumbuka. Mgeni akiingia uani, hata hodi hajamaliza, jicho limeshakwenda kwenye kichanja, ile meza ya miti tuliyoanikia vyombo juani. Sufuria zikiwaka mpaka kuku wanajitazama humo, mama mwenye nyumba alipata salamu ndefu. Zikiwa na masizi, salamu fupi, na kesho yake mtaa mzima unajua.

Sisi watoto wa kike tuliteremka mtoni na sufuria kichwani, tukachota mchanga, tukachanganya na majivu, tukasugua kwa maganda makavu ya mgomba. Tulisugua nje, tukasugua na ndani. Ile kubwa ya sherehe mmoja aliingia mzima mzima, anasugua, wengine wanaizungusha, mpaka aliye ndani atoke anapepesuka kama mlevi. Mikono kijivu hadi viwikoni! Tukishazipanga kwenye kichanja, tunakimbilia barabarani kuona kama mwanga wake unafika huko. Ukifika, tunaruka na kupiga vigelegele. Kwa kung'arisha, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Sijisifu. Haya, najisifu.

Mama yangu naye alikuwa na ujanja wake. Nyuma ya uzio wetu waliishi Wahindi wenye duka la vitambaa, na mama wa nyumba ile alisugua vyombo vyake vya shaba kwa ukwaju mpaka vikawa kama jua la asubuhi. Kisha akaumwaga ule ukwaju. Akaumwaga! Mama alishika kichwa. "Ukwaju mzima unanyweshwa ardhi?" Akaingia jikoni, akachukua sufuria yetu iliyoingia weusi kwa kuchemshia maji, akapika humo uji wa ukwaju. Uji ukakaa humo tangu asubuhi mpaka jioni. Ulipoisha, sufuria ndani ilikuwa nyeupe pe, bila mchanga, bila jasho. Mama alicheka mpaka akaketi chini. "Jirani yangu anaosha tu. Mimi naosha na kushibisha!"

Uji wenyewe ulikuwa na ladha fulani ulimini, kama umelamba ufunguo wa kufuli. Sisi tukasema ndio utamu wake.

Nilipoolewa Mbale, huku Namakwekwe, mama alinipa sufuria ile ile. Kila Ramadhani nikapika humo uji wa kufuturu, na majirani walikuja na vikombe vyao bila kuitwa.

Sasa Ramadhani iliyopita, mjukuu wangu Zulaika, anayesomea uuguzi na amepanga chumba mtaa wa Nkoma, akaja kufuturu kwangu. Ikaadhiniwa, akala tende, nikamjazia kikombe. Akakisogeza pembeni. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndara. Mtoto huyu, mama yake alipomwachisha ziwa, uji huo ndio uliomnyamazisha!

"Jaja, bibi yangu, usinikasirikie," akasema. "Hii sufuria ni alumini. Kitu kichachu kikikaa humo kinaitafuna."

"Kinaitafunaje? Ukwaju una meno?"

"Hebu ishike ukingoni. Ilipokuwa mpya ilikuwa hivi?"

Nikaishika. Jamani! Sufuria iliyomwinamisha mama shingo alipoitoa sokoni, leo nyembamba kama ganda la yai.

"Iliyopungua imekwenda wapi, Jaja?"

Nikaufikiria mto, nikafikiria mchanga. Kisha nikatazama tumbo langu. Kicheko kilinitoka bila ruhusa. "Yaani nimemeza nusu ya sufuria! Ndiyo maana mizani ya kliniki inanionea!"

Zulaika akapaliwa na tende. Alipopata pumzi akanieleza kwamba figo nzima huitoa sehemu kubwa ya hiyo alumini, na mwenye figo mbovu ndiye wa kujihadhari zaidi. "Wengine wanasema inaharibu kumbukumbu, lakini hilo wataalamu bado wanabishana."

"Kumbukumbu? Mimi nakumbuka mpaka rangi ya gauni la aliyenisengenya siku ya harusi yangu!"

"Basi wewe uko salama. Ila ukwaju, nyanya, limau, usivilaze humo. Na ndani usisugue kwa mchanga."

"Kwa hiyo uji wangu hutaunywa tena?"

Akakifunika kikombe kwa kisahani. Hapo alumini haikuniuma. Kisahani kile ndicho kilichoniuma.

Asubuhi nikaenda sokoni kutafuta chungu. Nilicheka njia nzima peke yangu, maana bibi yangu alipikia vyungu, mama akavitupa siku aliyopata sufuria, akisema ni ushamba. Leo ushamba umerudi kwa amri ya muuguzi! Chungu cha kwanza nilikichochea moto kama sufuria, kikapasuka paa, uji ukazima kuni, paka akafuturu kabla ya adhana. Cha pili nikakibembeleza kama bibi harusi.

Zulaika alipokuja tena, akanusa, akanywa. Akaongeza. Akaongeza tena. Nikashindwa kukaa, nikazunguka jikoni huku naimba.

"Sasa na mimi nikuulize, daktari," nikamwambia. "Yule kuku wenu wa limau kule Nkoma, mnayemfunga kwenye karatasi ya kung'aa mkamchoma humo, karatasi hiyo ni ya nini?"

Akatazama dari. "Alumini, Jaja."

"Sisi tulifunga kwa jani la mgomba, mwanangu. Simu ya kutufundisha mapishi hatukuwa nayo."

Sufuria ya mama sikuitupa. Nimeitia maharage makavu, na kila Ijumaa naisugua nje tu, naiweka kwenye kichanja juani. Majirani wa siku hizi wamejenga kuta. Hakuna mgeni wa kuangalia. Wasichana wa mtaani wanapita wakijitazama kwenye simu zao, na mwanga unawapiga mgongoni bila wao kugeuka. Zulaika peke yake ndiye aliyegeuka.

"Jaja, hii utanipa siku nikiolewa?"

"Ya nini, na hutapikia?"

"Nitaiweka nje, wageni waione."

Nikamwambia siku hiyo aichukue. Sisi tuliula mng'aro ule, kwa uji na kwa kicheko. Wao watautazama.