Kuita Mahudhurio ya Herufi

Siku ya kwanza kazini nilipewa fagio. Kilikuwa kiwanda cha uchapaji Chang'ombe, na mie binti wa darasa la tatu tu, shule niliacha baba alipougua. Ila chuo cha Kurani kwa maalim nilishahitimu, kwa hiyo herufi za Kiarabu nilizijua kuliko hizi za shule. Hilo mlishike, nitalirudia.

Asubuhi ileile mtu akaangusha treyi. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kijipande cha madini ya risasi, imechongwa kinyumenyume, na maneno tuliyapanga kwa vidole, kipande kwa kipande. Zikatapakaa sakafuni kama mchele. Wenzangu wakaniambia nizoe na takataka. Mie nikapiga magoti, nikaanza kuzitenga: zenye tumbo huku, zenye mkia kule. Msimamizi wa Chumba cha Herufi, mzee wa Kimakonde aliyefunga miwani yake kwa uzi, akaja kunisimamia.

"Binti, nani kakufundisha?"

"Hakuna. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo inatangulia, haifuati." Akacheka. "Kesho fagio mwachie mwingine."

Ndivyo nilivyoingia kwenye uchapaji, na sikutoka tena mpaka magoti yalipokataa.

Yule Msimamizi alikuwa na desturi moja. Kabla ya kupanga kazi yoyote alisoma karatasi ya mteja yote, kisha akaita mahudhurio, kama mwalimu darasani. "A, mpo wangapi? K, mpo wangapi?" Nasi tunahesabu kwenye droo. Maana herufi zile zilitoka Ulaya, zimepimwa kwa lugha za huko: E zimejaa tele, lakini K na W haba, na Kiswahili bila K na W utasema nini? Ukianza kichwakichwa, katikati ya kadi ya harusi K zinakwisha, na harusi ni kesho. Ikabidi ukaazime kiwanda cha jirani, na jirani naye ana maringo. Mie niliwahi kutumwa nikarudi na K kumi na mbili nimezifunga kwenye pindo la kanga. Naambiwaga natia chumvi, lakini pindo lenyewe lilitoboka.

Herufi za risasi zikaja kufa. Nikahamia Manzese, kwenye karakana ya barabarani, tukachapa kwa mabati na filamu, kisha kwa kompyuta. Meneja wa pale alinifundisha kibodi kwa fimbo ya maneno: "Bi Mwanaidi, hiyo siyo kinanda!" Lakini nikaweza. Mwisho nikaenda Tabata, na huko ndiko kuna jambo lililonifanya niandike haya.

Meneja wa Tabata aliajiri Injinia, msichana wa Kinyakyusa, mpole, ana akili kama moto. Wateja siku hizi huandika kwenye simu, wanatuma maandishi matupu, hayana pambo wala ukubwa. Injinia akafunga injini ya kupanga kurasa, yaani programu ya kompyuta: unaitia yale maandishi, yenyewe inapanga mistari, inakata kurasa, inatoa faili la kuchapa. Programu ya zamani ukiipa Kiarabu iliachanisha herufi na kuzigeuza nyuma mbele. Hii haikukosea.

"Bibi," akanieleza, "siku hizi kila herufi duniani ina namba yake, kama nyumba za mtaa. Inaitwa Yunikodi. Injini inasoma namba, inajua nani anaishi hapo."

Nikafurahi mpaka nikasahau umri wangu. Nikajisemea, basi mahudhurio hayana kazi tena, kila mtu ana namba yake. Hapo ndipo nilipokosea, nasema wazi.

Kazi ya kwanza ya injini ilikuwa ya Mwalimu Zuhura, anayefundisha chuo cha watoto Chamazi. Baba yake, Mzee Pazi, alifariki na kuacha daftari la wosia kwa wanawe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu alilinakili lote kwenye simu, akatutumia. Arobaini ilikuwa Jumapili. Ndugu zake wanatoka Kilwa na Lindi, kaka mkubwa atausoma mbele ya wote, kila mtoto aondoke na kitabu chake. Mkutano kama ule haujirudii.

Ijumaa asubuhi nikaangalia kurasa juujuu, nzuri kama zimefumwa, nikatia saini. Mashine ikaanza kunguruma. Nikachukua ukurasa mmoja wa moto, nikakaa na chai yangu, nikausoma kwa sauti kama chuoni. "Mimi... azi bin..." Nikarudia. "Azi." Chai nikaimwaga.

"Zima! Zimeni mashine!"

Meneja akatoka mbio. "Bi Mwanaidi, saini si yako hii?"

"Yangu. Nimekosea. Zima kwanza, unigombeze baadaye."

Waarabu hawana P. Wazee wetu waliiandika kwa B iliyowekewa nukta tatu chini. Kitabu kizima herufi ile haikuwepo, na jina la marehemu lilikuwa limekatwa kichwa kila ukurasa. Na pale kiwandani hakuna mwingine aliyeweza kuliona, maana wote walisoma za shule tu.

Injinia akasogea kwenye kompyuta. "Lakini Bibi, injini haijalalamika."

"Ina daftari la kuandika yanayotokea?"

"Lipo, faili la kumbukumbu, ila refu, halisomwi na mtu."

"Lifungue, mwanangu."

Akalifungua. Mstari baada ya mstari, maneno yaleyale: herufi haipo kwenye seti, herufi haipo kwenye seti. Seti ni ile droo yetu, ila ya kwenye kompyuta. Namba ya nyumba ilikuwepo, mwenye nyumba hayupo, na injini ikapita kimya.

"Imelalamika," nikasema. "Sisi ndio hatukuitika."

Tukaita mahudhurio. Injinia akaiambia kompyuta itoe kila herufi iliyomo kwenye wosia, mara moja moja, nami nikaziita kwa sauti, naye anaangalia kwenye seti. P hayupo, CH, ile J yenye nukta tatu, naye hayupo. Akatafuta seti nyingine, ya tatu ndiyo ikawa na wote. Meneja akasimama mlangoni akisema, "Mnafanya nini, darasa la kwanza?" Lakini karatasi zilizoharibika alizibeba mwenyewe.

Jumamosi tukachapa. Jumapili nikaenda Chamazi na vitabu vya wosia. Kaka mkubwa akafungua, akasoma: "Mimi Pazi bin Salumu, nawausia wanangu." Mwalimu Zuhura alikuwa ameweka kidole kwenye jina, akawa hakitoi.

Nimestaafu sasa, niko Temeke, wajukuu wananiuliza nilisoma wapi. Nawaambia sakafuni. Injinia aliifunga injini upya: ikikosa herufi moja haitoi faili, inasimama. Juzi akanipigia.

"Shikamoo Bibi. Injini imegoma."

"Marahaba. Imegomea nini?"

"Inasema kuna herufi haipo."

"Basi iache igome, mwanangu. Mtafute huyo asiyekuwepo."