Daftari la Bwana Qiu

Siku Wachina walipokuja kununua nusu ya kiwanda cha pampu cha Hagenrath, mji mdogo wa Ujerumani, bendi ya zimamoto iliwapigia matarumbeta getini, na meya akawasalimu kwa maneno mawili ya Kichina aliyoyakariri wiki nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walipiga makofi. Hiltrud Vossebein peke yake ndiye aliyebaki na mikono mifukoni.

"Hebu cheka kidogo, mama wewe," Detlef, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, alimnong'oneza. "Hawa ndio watakaotulisha."

"Mtu hanunui ng'ombe ili amtazame," Hiltrud akajibu.

Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile akitengeneza vali za pampu za kusukumia tindikali. Mumewe, Günter, aliwahi kuwa fundi katika kiwanda cha taa humohumo kwenye bonde la mto Lenne, mpaka wenye kiwanda walipoipakia mitambo yote kwenye makontena na kuipeleka mbali. Günter alirudi nyumbani na saa ya ukutani ya kumuaga. Tangu hapo Hiltrud hakumwamini mtu yeyote aliyeingia karakana na viatu visivyo na vumbi.

Wachina walimwacha mhandisi wao, Qiu Weimin, mtu mpole aliyekuwa amesomea Aachen na kukijua Kijerumani vizuri. Kila asubuhi alikuja akasimama nyuma ya Hiltrud, akaandika katika daftari la kijani.

"Unaandika nini, Bwana Qiu?"

"Ninajifunza."

"Michoro iko ofisini. Kajifunzie huko."

"Nimeshaisoma," alisema Qiu. "Michoro haijui kila kitu."

Neno hilo lilimkaa Hiltrud kama mwiba wa samaki kooni. Kuanzia siku ile, Qiu akisimama nyuma yake alikuwa akikosea makusudi. Alichelewa kuzima mashine, vali ikaharibika, akaitupa kwenye chuma chakavu bila kupepesa jicho. Qiu aliandika hata hilo.

Mwaka wa tatu upepo ukageuka. Wamarekani walipandisha ushuru, Wachina wakajibu mapigo, na serikali huko Berlin ikakaza sheria ya wageni kununua viwanda. Meya aliishusha ukutani picha aliyopigwa akipeana mikono na Wachina. Pale kwa muuza mikate, waliokuwa wakisema "wenzetu" sasa walisema "wale". Wachina walipoomba kununua nusu iliyobaki, walikuja wanaume wawili wa serikali waliovaa makoti ya kijivu, wakanywa kahawa na Hiltrud kantini.

"Hatumshuku mtu," mmoja alisema. "Tunauliza tu."

"Mimi namshuku," Hiltrud akasema, akawaeleza yote. Wakamwomba aendelee kufungua macho.

Kwanza aliona fahari. Kisha akagundua kwamba macho yakishafunguliwa hivyo hayafungiki tena. Alihesabu mara ngapi Qiu alitoka nje na simu. Aliona jinsi mkurugenzi, Daktari Averbeck, alivyoufunga mlango wake taratibu kila Hiltrud alipopita. Hata Detlef, binti yake aliponunua gari jipya, Hiltrud alijiuliza pesa zimetoka wapi.

Alhamisi moja Qiu aliitwa haraka ofisini, akaacha daftari juu ya meza ya Hiltrud. Mkono ukatangulia akili, daftari likaingia chini ya aproni. Hakuwapelekea wale wa makoti ya kijivu. Nao hakuwaamini kiasi hicho. Alilipeleka mji wa jirani kwa Bi Shen, mwenye mgahawa wa Kichina ambako yeye na Günter walikuwa wakila bata siku za kuzaliwa.

Bi Shen alisita, kisha akafuta miwani na kusoma akiwa amesimama.

"Hapa kuna hesabu, sizijui. Hapa amekuandika wewe."

"Mimi?"

"'Bi Vossebein huzima mashine kabla kipimo hakijafika. Anasikia kwa kiganja. Akijua namtazama, huharibu makusudi.'"

Masikio ya Hiltrud yaliwaka moto. "Endelea."

Bi Shen akafunua kurasa, sauti ikashuka. "'Averbeck ameuliza tena ni lini tutaihamishia karakana kwetu. Anataka iwe kabla ya mwaka kwisha. Nimewaandikia wakubwa kwamba bila mama huyu mashine hizi ni chuma tu. Ziachwe hapahapa.'" Akainua uso. "Huyu Averbeck ni Mchina wa wapi?"

"Wa hapahapa. Baba yake amezikwa nyuma ya kanisa letu."

Kesho yake alimkabidhi Detlef daftari na tafsiri ya Bi Shen, na Detlef akaitisha kikao. Averbeck alicheka.

"Maandishi ya jasusi, nanyi mnayaamini?"

"Basi yakanushe kwa maandishi," Detlef akasema. "Tia saini kwamba karakana haihami."

Averbeck aliangalia mlango, akaangalia dirisha. Wiki haikwisha, saini ikapatikana: karakana isihamishwe kwa miaka kumi, yeyote atakayekinunua kiwanda. Serikali iliwakatalia Wachina ile nusu iliyobaki, nao wakauza hisa zao kwa familia moja ya huko bondeni. Averbeck aliondoka kwa kile kilichoitwa sababu za afya.

Qiu aliitwa kwao. Daftari lake lilikuwa limepita mikononi mwa kamati, kisha mwa wale wa makoti ya kijivu, na wakubwa zake walitaka kujua lilifikaje huko. Alikuja kumuaga Hiltrud mashineni.

"Umeniletea maswali mengi, Bi Vossebein."

"Ulilisahau, au uliliacha?"

"Ukiulizwa, sema nililisahau. Itakuwa nafuu kwangu."

"Nakuuliza mimi."

"Na ile kahawa ya kantini," Qiu aliuliza kwa upole, "uliinywa na nani?"

Hiltrud alizima mashine. Walipeana mikono, wa Hiltrud ukiwa na mafuta, na Qiu hakuufuta wake.

Krismasi ile Hiltrud alimwandikia barua, Bi Shen akaandika anwani kwa Kichina. Jibu halikuja. Mwaka uliofuata akaandika nyingine, kimya. Mara ya tatu Bi Shen aliisukuma karatasi kando.

"Huenda anazipata. Ila mtu akishashukiwa, barua ya Ujerumani si zawadi kwake."

Hiltrud alikaa pale mpaka chai ikapoa. Alijiuliza kama mtu yule alikuwa amemkinga, au alikuwa akiwashauri wakubwa zake wasubiri mpaka aijue siri yote ya viganja vyake yeye Hiltrud. Katika miaka mitatu, Qiu hakuwahi kusahau hata penseli. Akaaga, akaenda kusubiri basi, na hata leo hajui.