Mama alipaka vidoleni vidonge vya omega-3 nilivyomtumia ameze

Wakuu, ejok! Ndiyo salamu yetu Waturkana.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mhusika mkuu ni mama yangu mzazi. Mkicheka, chekeni kwa adabu.

Mimi nafanya kazi lab hapa Lodwar. Mama anaishi Kakuma na mbuzi wake. Ana baridi yabisi, yaani seli za kinga, wale askari wa mwili, wamegeuka wanashambulia viungo vyake mwenyewe. Vidole vilivimba mpaka kukamua ikawa shida.

Wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: amshike mjukuu kwa mikono yake, asiwekewe mapajani kama mzigo.

Daktari alimwanzishia dawa, akasema mafuta ya samaki pia yanaweza kusaidia kidogo. Nikatuma capsules za omega-3, nikampigia simu: asubuhi na jioni. Wapi zinaingilia, sikusema. Nani angedhani?

Nilipofika Kakuma nilikuta mama ananuka soko zima la samaki. Alikuwa anatoboa capsule kwa mwiba, anapaka vidoleni! Mbwa wa jirani anamfuata kila aendako, analamba.

Sasa msimwonee. Kwetu Waturkana mafuta ni ya ngozi pia. Mtoto anapakwa, bibi harusi anapakwa, mgonjwa anapakwa. Mama alifanya alivyolelewa.

Nikamweleza polepole, nikaanza na wale askari. Kila seli ina utando wa mafuta, na mafuta tunayokula yanaingia kwenye ule utando. Fatty acids za samaki zikikaa pale, seli inapunguza kemikali za kuchochea uvimbe. Ila inachukua muda, na lazima yapite tumboni.

"Hiyo askari ni yangu, nalisha mimi," akasema. "Sasa inanipiga kwa nini?"

Nikamwambia ukweli wakuu. Hata wataalamu bado wanakuna kichwa hapo.

Capsule akakataa, eti inakwama kooni. Samaki mwenyewe ndiyo kabisa! "Mimi niko na mbuzi. Nikule samaki, mbuzi imekufa?" Wafugaji wengi wa rika lake wanaona samaki ni chakula cha aliyeishiwa mifugo.

Aliyeniokoa ni rafiki yake Mama Achol, mkimbizi kutoka South Sudan anayeuza samaki wakavu. Alileta mchuzi, akauweka mbele yake.

"Mama, mtoto ya kijana yako inakuja. Utashika na nini?"

Mama alikula amefumba macho, uso umekunjamana. Kesho yake akala tena.

Sitawadanganya, dawa za hospitali ndizo zilibeba kazi kubwa. Samaki walichangia kiasi gani, sijui. Ila uvimbe ulipungua.

Binti yetu alipozaliwa mama alikuja Lodwar. Nikamwekea mto mapajani. Akautoa.

"Leta mtoto."

Akampokea, vidole vikakunjika taratibu chini ya kile kichwa kidogo, akaanza kumwimbia. Nililia mbele ya wakwe zangu, na sijali.

Nilichojifunza: dawa za daktari usiache, na ukimtumia mzazi kitu kipya, kaa naye mpaka muelewane. Nampenda sana yule mama.

Wenye wazazi wa baridi yabisi, karibuni hapa chini. Niambieni, wa kwako anataka mikono ipone ashike nini?