Mwanamke Asiyelala na Soksi

Nyumba za bati Umatengo zipo nyingi, na zenye umeme wa jua zipo, lakini nyumba yenye mabomba ya joto ukutani ilikuwa moja tu, ya Mansuetus. Mtu akibisha, mwulizeni ya kwake yako wapi.

Mabomba hayo yalitokana na mama mkwe. Mansuetus alipoteremka Lipingo, kule ziwani, kumposa Kunigunda, mama yule alimpima mtu wa milimani kutoka utosini hadi viatuni, akasema, "Binti yangu amekulia kwenye mchanga wa moto. Hajawahi kulala na soksi. Wewe utamlaza na soksi?"

Mwingine angetaja mashamba. Mansuetus, ambaye mdomo wake hutoka nyumbani mapema kuliko akili, akajibu, "Mama, siku atakayolala na soksi kwangu, njooni mumchukue."

Wakacheka, wakampa mke. Aliporudi Mbinga na kukutana na baridi ya Juni, ndipo alipoelewa ameahidi nini.

Bahati yake, ujanani alichochea moto kwenye nyumba ya kufulia ya misheni, akaona maji ya moto yanavyotembea. Akajenga jiko la matofali nyuma ya nyumba, akalaza juu yake pipa la chuma lililojaa maji, akatoboa ukuta. Bomba moja likaingia chumbani, jingine stoo, maji yakienda yamechemka na kurudi yamepoa. Kunigunda akalala pekupeku, akazaa, akalea, akaota mvi. Mgeni akifika, Mansuetus humshikisha bomba kwanza, kiti baadaye.

Sasa pipa limezeeka. Lilianza kulia machozi kwenye mshono, akaliziba kwa sabuni ya kipande. Likatoboka ubavuni, akaliziba kwa majivu yaliyokandwa na ugali wa muhogo, akatembea kifua mbele wiki nzima. Tundu lilipofunguka tena akamwita Cleopa, fundi wa kuchomelea kutoka Kitai. Cleopa aligonga kwa nyundo mara moja tu.

"Mzee, hapa hakuna chuma cha kuchomelea. Kuna kutu na heshima yako."

Angetengeneza jipya, ila lingelipiwa kahawa ikishauzwa. Kwa sasa maji yapunguzwe, yasifikie tundu. Na maji hayo yangetosha kupasha njia moja tu, chumbani au stoo.

Julai hiyo ukungu ulikaa mlimani kama mgeni asiyejua kuaga. Kahawa iliyooshwa ilikataa kukauka vichanjani, ikaanza kunuka uvundo. Mansuetus akaihamishia stoo, akaitandaza kwenye mikeka, akafunga koki ya chumbani, akafungua ya stoo. Alijieleza hivi: kahawa ikioza, pipa jipya hakuna, pipa jipya lisipokuja, Kunigunda atasikia baridi. Kwa hiyo, ili Kunigunda asisikie baridi, lazima asikie baridi kidogo. Hoja hiyo ilimfurahisha sana, ila hakumwambia Kunigunda.

"Baba Hildegardi," mkewe alisema asubuhi, "bomba la chumbani limekufa."

"Limechoka tu. Linapumzika."

"Kama wewe wakati wa palizi."

Aliyemchongea Mansuetus ni paka. Aliacha kulala chumbani, akawa kila siku analia mlangoni pa stoo. Kunigunda akamfungulia, akaingia naye, akagusa bomba. Akatoka.

Jioni Mansuetus alimkuta ameketi kitandani amevaa soksi. Soksi za kijani, za shule, alizoziacha binti yao Hildegardi. Ilikuwa kana kwamba marehemu mama mkwe amesimama pale mlangoni na mkono kiunoni.

"Kumbe joto lipo," Kunigunda alisema. "Limeolewa na kahawa. Nimempigia kaka yangu Adrian, kesho anakuja kunichukua. Si ugomvi. Pipa likija nitarudi."

Hiyo *si ugomvi* ndiyo ilimkata maini. Ziwani kuna jua, kuna usipa mbichi, wale dagaa wa kwao, kuna dada zake wanaojua kumchekesha. Mtu anaweza kusahau njia ya kupandia mlimani.

Asubuhi Mansuetus alikwenda kushika koki ya chumbani. Akaiachia. Akaenda kuinusa kahawa. Akarudi kwenye koki. Mwishowe akachukua nyundo.

"Unavunja nini huko?" Kunigunda aliuliza kutoka jikoni.

"Kitanda."

Alikuja mbio. Mansuetus alikuwa ameshatoa ubao wa kichwani na anausukuma kuelekea stoo, jasho linamtoka na baridi yote ile. Kahawa alikuwa ameisogeza pembeni, nafasi ya kitanda ikapatikana karibu na bomba.

"Unanilaza na kahawa, Baba Hildegardi?"

"Kahawa ndiyo italala na wewe. Ijifunze adabu." Kisha akasema taratibu, "Ningekuuliza."

"Ungeniuliza, siku ya kwanza tu ningekwambia tuhamishe kitanda. Unaficha joto kama pombe! Shika huko mguuni, unaning'oa bega."

Adrian alifika mchana na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko wa usipa mkavu umefungwa nyuma.

"Shikamoo, shemeji. Dada yuko tayari?"

"Marahaba. Mwulize mwenyewe," Mansuetus alisema, akamwonyesha stoo. Hata kumshikisha bomba alisahau.

Kunigunda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, paka mapajani, anaigeuzageuza kahawa kwa vidole vya miguu, pekupeku kama yuko ufukweni.

"Dada, nimeambiwa unakufa kwa baridi."

"Nani kakwambia? Peleka huo usipa jikoni, uje kula."

Adrian alitazama miguu ya dada yake, halafu ya shemeji yake. Soksi za kijani zilikuwa kwa Mansuetus. Upande wa kitanda wa mlangoni, unakopita upepo, ulikuwa wake, na kwao yeye hakuna aliyewahi kuuliza kama atalala na soksi.