Jiko Alilolifuta Askofu

Harufu ya penseli inayochongwa hunirudisha utotoni mpaka leo. Mwanangu huchonga zake mezani kwetu hapa Columbus, nami najikuta Okolona, kule Louisville, nina miaka kumi na ujuaji usio na mipaka.

Penseli ilikuwa ya Askofu. Msimfikirie askofu wa kanzu na fimbo: Wamormoni humpa cheo hicho muumini wa kawaida, bila mshahara, na huyu siku za kazi alikuwa msanifu majengo. Baba alicheka sana: "Askofu gani huyu, tepu kiunoni?" Lakini Baba aliponunua kinyumba chenye jiko lililooza, ni Askofu huyohuyo aliyejitolea kutuchorea jipya.

Alitaka kumsikia Bibi kwanza, maana mpishi wetu alikuwa yeye. Wazazi walikuwa zamu ghalani, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

"Mwambie anijengee nje," Bibi akasema, "nguzo na paa tu. Nipike nikiona watu wanapita, nao wanisalimie. Humu ndani nitakufa na upweke, mjukuu wangu." Akaonyesha mafiga kwa mikono, akapuliza moto ambao haukuwepo.

Aibu ilinipanda! Kule kambi ya wakimbizi, Tanzania, tulipikia nje, na shuleni Louisville walishanicheka kwamba nanuka moshi. Nikamgeukia Askofu: "Anataka la ndani, jeupe, kama lenu."

Askofu alikuwa ameshaanza kuchora. Akaitazama mikono ya Bibi, akanitazama mimi. "Una hakika?" Nikajibu ndiyo, kavukavu. Akafuta, akapuliza vumbi la kifutio.

Jiko lilipendeza, jamani, kabati nyeupe pe! Bibi alishukuru, akambariki, kisha upishi akamwachia Mama. Yeye akawa anashinda kwenye ngazi ya mlangoni, mikono mapajani. Kila Askofu alipokuja alimkuta hapo, naye akaingia kuongeza taa, kupanua dirisha, kutafuta alipokosea. Nami nilikuwa namshikia tepu.

Bibi alifariki msimu wa pili wa baridi. Makaburini Askofu aliniinamia. "Nimejenga makanisa mengi," akasema, "lakini bibi yako nilishindwa kumjengea jiko."

Baadaye alihamia Buffalo kwa binti yake, na juzi nimesikia amefia huko. Utotoni nilidhani nimeficha moshi tu. Kumbe nilimnyima Bibi salamu za wapita njia, na mzee wa watu nikamwacha ajilaumu mpaka kaburini. Naye alikuwa amemwelewa Bibi bila mimi. Nguzo mbili alikuwa ameshazichora kabla sijafungua kinywa.