Usaili Ambao Lascelles Hakwenda

Mwaka ule wa 1963 Lascelles Parchment alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya Bethel Pen, upande mkavu wa jimbo la Saint Elizabeth, kwenye udongo mwekundu ambako watu hunywa maji waliyoyakinga kwenye mapaa yao. Msaidizi maana yake alifundisha bila cheti. Alikuwa ameshaipita mitihani yote mitatu ya walimu wanafunzi, akisomea kwenye meza ya mama yake kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, na sasa kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kwenda Kingston kukaa mbele ya jopo la chuo cha walimu na kujibu watakachomuuliza.

Barua ya kumwita ilikuja mwezi wa Mei. Usaili ungekuwa Jumanne, tarehe kumi na sita Julai, saa sita mchana. Mama yake, Bi Adina, aliipeleka barua ile kanisani ndani ya Biblia yake na kuwaonyesha wanawake wenzake mmoja mmoja, ingawa nusu yao hawakuwa na miwani ya kuisomea.

Mwalimu mkuu, Bwana Rochester, hakuwa mtu wa kufurahia jambo kabla halijakamilika. Alimwambia Lascelles abaki darasani kila siku watoto wakishatoka. Yeye mwenyewe aliketi nyuma ya meza, na pembeni yake akamketisha Icilda Ebanks, mwalimu msaidizi wa darasa la kwanza, awe mjumbe wa pili wa jopo. Icilda zamu yake ilikuwa mwaka unaofuata, kwa hiyo alisikiliza kwa masikio yote mawili.

"Ingia," Bwana Rochester angesema. "Usiburute kiti. Kinyanyue. Haya, Bwana Parchment, kwa nini unataka kuwa mwalimu?"

"Kwa sababu elimu ndiyo nguzo ya taifa letu changa."

"Hiyo umeisoma gazetini. Toka nje, ingia tena."

Lascelles alitoka, akaingia.

"Kwa nini unataka kuwa mwalimu?"

"Kwa sababu napenda watoto, Mwalimu."

"Hata muuza barafu anapenda watoto. Toka."

Icilda alicheka mpaka akafunika mdomo kwa daftari. Lascelles naye alicheka, siku za mwanzo. Maswali mengine yote aliyaweza. Akiulizwa hesabu za sehemu angezifundishaje, alijibu. Akiulizwa mtoto mtukutu angemfanyaje, alijibu vizuri hata Bwana Rochester akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ila lile moja, kila jibu alilolileta lilirudishwa, na kadiri siku zilivyokwenda akaanza kuliogopa. Alikuwa akiandika ubaoni na chaki inamganda mkononi, anajiuliza: mimi kweli ninataka? Alipokuwa na miaka kumi na minne Bwana Rochester aliuona mwandiko wake, akamwendea Bi Adina na kumwambia, "Huyu nipe mimi." Bi Adina akasema asante. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakuona haja ya kujiuliza.

Katikati ya Juni akaja Burchell, mtoto wa dada yake Bi Adina. Burchell alikuwa amerudi kutoka misimu miwili ya kukata miwa Florida, na alikuwa na saa ya mkononi na viatu vya rangi mbili. Alimkuta Lascelles anasahihisha madaftari barazani.

"Ticha, nimekuletea kitu," alisema, akamwekea kadi juu ya madaftari. "Bethel Pen nzima tumepewa kadi nne za kazi ya miwa Florida. Moja nimeiombea jina lako."

"Mimi naenda chuoni, Burchell."

"Lini?"

"Tarehe kumi na sita mwezi ujao."

Burchell alicheka sana. "Na sisi tunachaguliwa Mandeville siku hiyohiyo! Lete mikono." Akaishika, akaigeuzageuza. "Yesu wangu! Hii ni mikono au ni siagi? Wewe hata ungekuja wangekurudisha. Wale hawana maswali marefu. Wanakubonyeza kiganja. Wakikikuta kigumu, unapanda ndege. Wakikikuta hivi, wanakwambia kasome gazeti nyumbani."

"Hawaulizi kwa nini unataka kazi?"

"Kwa nini?" Burchell alishangaa. "Nani asiyejua kwa nini? Ila wakikupa karatasi usome, isome taratibu, kama mtu anayepanda kilima na gunia. Wasomi wanasemwa kuwa wanaleta maneno kambini."

Lascelles aliiweka kadi ile katikati ya kamusi. Alisema atafikiri. Kesho yake asubuhi, badala ya kufungua kitabu, alichukua jembe akaenda shamba la vitunguu majani la baba yake Burchell, lile la mwisho kabisa ambako mama yake asingepita.

Alilima wiki tatu. Malengelenge yalitoka siku ya kwanza, yakapasuka siku ya pili. Aliyaosha kwa maji ya chumvi na ndimu, akiuma meno kwa maumivu, na siku ya nne akarudi tena. Alikata nyasi za kufunikia matuta, akavuta kamba ya punda ikipita viganjani. Ngozi ikaanza kukaza. Kila asubuhi alijibonyeza kwa kidole gumba na kuona tofauti na jana. Baadaye, alipozeeka na akijieleza bila kujificha, alisema zile wiki tatu zilikuwa na raha yake. Kiganja kilikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukiandaa. Kila alasiri alirudi kwenye kile chumba cha darasa, akaingia, akanyanyua kiti, akaulizwa, akakosa.

Mara moja Bwana Rochester alimpa chaki na kuuona mkono.

"Umefanya nini?"

"Namsaidia Mama shambani, Mwalimu."

"Vizuri. Lakini wiki ya mwisho acha. Sitaki utetemeke ukishika kalamu mbele ya watu." Kisha akamwambia kwamba ameomba ruhusa, na kwamba atamsindikiza yeye mwenyewe hadi Kingston. Wakutane dukani kwa Bwana Lyn saa kumi na mbili asubuhi, basi linapopita. Koti angemletea. Lilikuwa koti lake jeusi la harusi, na mkewe alikuwa amelipunguza mikono.

Angeweza kumwambia habari za kadi siku ile. Icilda alikuwepo, na mpaka leo anasema alimwona Lascelles akifungua mdomo na kuufunga.

Asubuhi ya tarehe kumi na sita Bi Adina alimpa mwanawe chai ya kakao, bami, ule mkate bapa wa muhogo, na samaki wa kukaanga. Alimfunga vifungo vya shati kama mtoto, akamwombea. Lascelles alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyuma ya tangi la maji, akashika njia ya chini hadi njia panda ambako lori lilikuwa linawasubiri wenye kadi. Nyuma ya lori alilivua shati aliloligandisha mama yake kwa wanga, akalikunja ndani ya mfuko, akavaa la kulimia.

"Ticha!" Burchell akapiga kelele. "Sikuamini!"

Mandeville walipangwa uani mstari mrefu. Mbele kulikuwa na meza, na mezani maofisa wawili. Zamu yake ilipofika, mmoja alisema, "Nyoosha." Akambonyeza viganja vyote viwili, akapitisha gumba chini ya vidole.

"Hii imefanya kazi," akamwambia mwenzake. Kisha akamsogezea karatasi yenye mistari mitatu ya sheria za kambi. "Soma."

Ilikuwa mistari ambayo watoto wake wa darasa la tatu wangeisoma wakirukaruka. Lascelles aliiinamia. "Kila... m... mfanya... mfanyakazi a..." Akasimama kama alivyofundishwa. Nyuma yake alikuwapo mzee mmoja wa Trelawny, mtu asiyemjua, amevaa kofia iliyotoboka. Mzee yule alimsogelea, akamnong'oneza polepole ili maofisa wasisikie: "Ataamka, kijana wangu. Ataamka. Usiogope, endelea."

"Ataamka," alisema Lascelles. Ofisa akagonga muhuri.

Misimu yote aliyokuja kukata miwa, na mengi aliyoyaona huko, hakuna lililomchoma kama sauti ya mzee yule akimsaidia neno.

Asubuhi ileile, dukani kwa Bwana Lyn, basi lilikuja, likapiga honi, dereva akauliza. Bwana Rochester alisema ngojeni kidogo. Wakangoja. Halafu akawaambia waende. Alibaki amesimama pale barabarani, koti mkononi, hadi saa tatu. Baadaye alipanda kwa miguu mpaka kwa Bi Adina kuuliza kama kijana anaumwa.

Lascelles alirudi alasiri. Mama yake alikuwa ameketi mezani, hajagusa kazi yoyote.

"Kingston kulikuwaje?"

"Sikwenda, Mama."

"Najua hukwenda. Mwalimu alikaa kwenye kiti hicho. Hakusema neno baya hata moja. Ningeona afadhali angesema."

"Ni kwa ajili yako, Mama. Florida kuna kazi. Nyumba inavuja."

"Nyumba hii inavuja tangu hujazaliwa," alisema Bi Adina. "Usiisingizie nyumba."

Alipaswa kwenda kwa Bwana Rochester jioni ileile. Nyumba ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Hakwenda. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa ule mwandiko wake mzuri, akaipenyeza chini ya mlango wa shule siku ya Jumamosi, wakati hakuna mtu. Kuanzia hapo hadi Novemba alipoondoka, kila akiiona kofia ya mwalimu barabarani alikata kona.

Alijiambia ni msimu mmoja. Alifungwa kinga za bati miguuni na kwenye mkono wa kushoto, akapewa panga na mstari wake wa miwa iliyochomwa moto ili majani yaishe, na jioni alikohoa majivu. Mwezi wa Machi mama yake alimtumia barua ya chuo: angeweza kuitwa tena Julai, kwa kuwa mwalimu mkuu wake alikuwa amempendekeza upya. Lascelles aliisoma mara mbili akiwa amekaa kitandani kambini, akaiweka chini ya nguo sandukuni. Kwenda Kingston kulimaanisha kupitia kwanza kwa Bwana Rochester, na hakuwa na uso wa kumtazama. Julai ile aliyenyanyua kiti mbele ya jopo alikuwa Icilda Ebanks. Walimchukua.

Wenzake wa kambini hawakukawia kugundua kwamba anajua kuandika. Alianza kuwaandikia barua za wake zao, kisha za kuomba kazi nyumbani: hotelini, bandarini, kwenye migodi ya boksiti. Jumapili aliwaketisha kwenye ndoo na kuwauliza maswali. "Usijisifu kwa jambo usilolifanya," aliwaambia. "Sema ulichofanya, halafu nyamaza." Kijana mmoja wa Hanover akapata kazi ya kutunza stoo katika hoteli Montego Bay, akamwandikia kumshukuru. Burchell alimtania, "Ticha, wote unawatoa shambani, wewe mwenyewe umebaki kama mlango." Lascelles alicheka na wengine.

Ilimchukua miaka sita kwenda kwa Bwana Rochester. Mzee alikuwa ameshastaafu, anafuga njiwa. Lascelles alimkuta barazani, akavua kofia.

"Nimekuja kuomba radhi, Mwalimu."

"Kaa."

"Wakati ule nilihitaji pesa."

"Parchment."

"Naam, Mwalimu."

"Sema kweli."

Lascelles aliizungusha kofia mikononi. "Lile swali sikuwa na jibu lake. Niliona hata nikienda nitaaibika, nimevaa koti lako, na wewe umekaa nje unanisubiri."

Bwana Rochester alilitazama banda la njiwa wake.

"Unajua mimi nilijibu nini, nilipoulizwa? Nilisema napenda watoto. Wakaandika, wakanichukua. Sikuwa na jibu lingine, na sina mpaka leo." Alijipangusa uso kwa leso. "Nilikubana vile kwa sababu nilitaka uwazidi wote. Ningekuambia tu, kijana, sema unapenda watoto, uende. Nimeliwaza hilo mara nyingi."

"Si kosa lako, Mwalimu."

"Si langu peke yangu," alisema mzee. Wakanywa limau, wakazungumza juu ya mvua. Lascelles hakukaa sana.

Alikusudia kurudi kumwona kila akija likizo, na mara mbili alirudi kweli. Lakini mzee alifariki mwezi wa Januari, miwa ikiwa katikati, na telegramu ilifika kambini siku nne baada ya maziko. Icilda ndiye aliyesoma risala kanisani. Wakati huo alikuwa mwalimu mkuu wa Bethel Pen, na ndiye aliyepaka rangi upya darasa lile na kuweka madirisha ya vioo.

Lascelles alikata miwa misimu kumi na tisa, mpaka mgongo ukakataa. Alimwoa Merlene, mshonaji wa Junction, wakapata mabinti wawili. Paa la Bi Adina liliezekwa upya, na alikufa chini yake bila kulowa. Sasa Lascelles analima vitunguu majani na majani ya kukolezea mchuzi, na jirani akimuuliza kuhusu Florida anasimulia yale ya kuchekesha.

Merlene ndiye anayejua zaidi. Anasema siku za shule, ikikaribia saa tisa alasiri, mumewe hunyanyuka barazani hata kama chai yake haijaisha, akaingia chumba cha nyuma na kukaa huko. Watoto hupita na mikoba yao, wakigombana na kuimba. Wakishateremka kilima na njia ikawa kimya, hutoka, akaketi tena, na chai huwa imeshapoa. Mwanzoni Merlene alidhani ni kelele zinazomsumbua. Siku moja alimwambia, "Las, ukitaka nitawaambia wapite njia ya chini."

"Hapana," alisema. "Waache wapite."